Mkono Umestaafu, Mdomo Uko Kazini

Fundi cherehani akisema kweli, hakuna wa kumwamini. Kazi yetu tangu enzi na enzi imeendeshwa kwa visingizio: umeme umekatika, mkanda wa cherehani umekatika, kijana mwenye ufunguo kaenda msibani Singida, vifungo vya rangi hiyo vimeadimika Kariakoo nzima. Mteja naye ameshazoea. Akiambiwa Ijumaa, anahesabu Jumanne. Akiambiwa Jumanne, anaazima nguo ya dada yake. Sasa jaribu kumweleza mteja wa namna hiyo kwamba gauni lake halijaisha kwa sababu vidole vimegoma.

"Fundi," aliniambia mama mmoja wa sare za harusi, mkono kiunoni, "mwaka juzi ulizika bibi. Mwaka jana ukazika bibi. Sasa bibi wamekwisha, umehamia kwenye vidole?"

Nikamnyooshea mikono. Vifundo vilikuwa vimevimba, vya kulia na vya kushoto sawasawa, ngozi imevutika hadi inang'aa. Akavitazama, akaguna, akasema, "Pole sana fundi wangu." Halafu akavuta pumzi. "Kwa hiyo nije Jumamosi?"

Ugonjwa wenyewe ni baridi yabisi, ile aina ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Daktari alinieleza vizuri, nami nikamwelewa kwa namna ya mtaani kwetu Tandika: ni sungusungu waliowekwa kulinda mtaa usiku, wakaamua kumpiga mwenye nyumba. Huwezi kuwafukuza wote, maana wezi wapo kweli. Unachoweza ni kuwapunguzia ukali, na hiyo ndiyo kazi ya dawa nitakazokuja kuzilalamikia hapa chini.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu wapatao milioni 18 duniani walikuwa wanaishi na ugonjwa huu, na takriban asilimia 70 ni wanawake. Kwa hiyo hata katika kuugua nimejikuta kwenye foleni ya akina mama. Kule kliniki naketi benchini nimezungukwa na vitenge, nesi anatoka na faili, anaita jina langu la ukoo, nasimama, ananitazama. "Baba, mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

Shida kubwa ya maradhi haya si maumivu peke yake. Maumivu tungezoeana. Shida ni kwamba yana ratiba, na ratiba yake haiendani na ya watu. Saa kumi na moja alfajiri mimi naamka, vidole haviamki. Mpaka saa tatu ndipo vinaanza kukunjika, kimoja kimoja, kwa kunung'unika. Ikifika saa tano natembea, nacheka, nabishana habari za Simba na Yanga. Na watu wananionea wapi? Barazani, saa tano. Mgonjwa yule wa alfajiri, anayeshikwa mkono ili anyanyuke kitandani, anajulikana na mama watoto peke yake, na yeye si mtu wa kutoa ushahidi mtaani.

Watu wetu huamini wanachokiona. Ukiwa na mguu uliofungwa plasta, daladala zima linasogea kukupisha kiti. Mimi napanda na vidole vyangu visivyofungwa chochote, konda anapaza sauti, "Mzee, shika bomba, mzee, shika bomba twende!" Bomba lenyewe halishikiki. Naning'iniza kiwiko. Abiria wanashangaa mtu mzima anayesafiri amekumbatia bomba la daladala kuanzia Tandika hadi Kariakoo, na kijana mmoja alishaniuliza kwa upole kama nimelewa.

Halafu kuna vifungo. Sijui nimeshona vifungo vingapi maishani, na matundu yake nimeyadarizi kwa mkono kabla sijanunua mashine. Kifungo cha shati ni kitu kidogo sana, lakini kukifunga kunadai mambo manne kwa wakati mmoja: kidole gumba na cha shahada vikibane, viwili vya mkono wa pili vishike ukingo wa tundu, kifungo kilazwe ubavu, kisha kisukumwe huku kingine kikivuta. Mtu mzima anafanya yote hayo gizani huku akipiga mswaki. Mimi asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda, shati limefunguka, nabishana na kifungo cha pili kutoka juu. Nakijua. Nimekishona mwenyewe. Uzi nimeuzungusha shingoni mwake ili kisimame vizuri, kazi safi kabisa, na hakitaki. Mama watoto akiingia ananifunga vyote kimyakimya hadi shingoni, na mimi nakwenda kazini nimefungwa kola ya mwanafunzi wa shule ya msingi.

Sasa tuje kwa madaktari wa mtaa, ambao ni wengi na hawachukui likizo. Kila aliyepita barazani ameacha tiba. Mafuta ya nyonyo. Mafuta ya mbuni. Tangawizi na kitunguu saumu kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kusali. Kuchanjwa. Kuacha maji ya friji. Kuacha kuoga usiku. Bwana mmoja wa bucha aliniambia niache nyama nyekundu kabisa, nikamweleza kwamba hiyo ni gauti, inayotokana na asidi ya yuriki na mara nyingi huanzia kidole gumba cha mguu, na mimi yangu si gauti. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hiyo hiyo gauti, fundi, ni mbaya sana." Muuza nyama ananikataza nyama, hapo ujue mtu anakupenda kweli, lakini hakusikii.

Wapo pia walioona mbali zaidi. Wanasema mkono wa fundi hauharibiki bure bure, kuna mtu. Wakanitajia na mtu mwenyewe, fundi mwenzangu wa upande wa pili wa barabara, kwa hoja kwamba wateja wangu wamehamia kwake. Nikawaambia wamehamia kwake kwa sababu mimi sishoni. Wakasema, "Si ndiyo hayo tunayokwambia?"

Dawa za hospitali nazo zina vituko vyake. Mojawapo ni methotreksati, inayomezwa mara moja kwa wiki. Narudia kwa faida ya wenzangu: kwa wiki, si kwa siku, maana ukiigeuza kuwa ya kila siku inaweza kukuzika. Sasa dawa hiyo, kwa dozi kubwa zaidi, hutumika pia kutibu saratani. Jirani mmoja aliona boksi, akasoma kwenye simu yake, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulishajua fundi ana saratani. Jioni wakaja wazee watatu na daftari la michango. Niliwaeleza kwa urefu. Walifurahi kwamba siyo, lakini niliwaona wamevunjika moyo kidogo, maana daftari walishapiga mistari.

Kulinda mwili dhidi ya dawa hiyo unapewa vidonge vya foliki asidi, vilevile wanavyopewa wajawazito. Kijana wa duka la dawa kila nikienda ananiuliza, "Mama anaendeleaje, mzee? Miezi mingapi sasa?" Nimeshachoka kukanusha. Kwa hesabu zake mke wangu ana mimba ya kudumu. Kuna nyingine pia, haidroksiklorokwini, ndugu wa damu wa ile klorokwini iliyokuwa dawa ya malaria nchini kwetu hadi ilipoachwa mwaka 2001. Wa rika langu mnaikumbuka, ile iliyokuwa inawasha mwili mzima usiku kucha. Nilipoisikia tu nilianza kujikuna nikiwa bado kwa daktari.

Mwanzoni, wakati tunasubiri dawa za wiki zishike kasi, maana huchukua wiki kadhaa, niliwekewa pia prednisoloni. Ile inavimbisha uso. Mashavu yakajaa, shingo ikajaa, na Tandika nzima ikahitimisha kwamba maisha yameninyookea. "Fundi umenawiri!" Mimi nimefunga kazi, madeni yamenizunguka, na kamati ya harusi ya mtoto wa shemeji inanipandishia mchango kwa kuangalia mashavu. Nilipoacha bia kwa ajili ya ini, wengine wakadhani nimeokoka, wakaniletea ratiba ya mkesha.

Na hawa wa kunitia moyo nao tuwaseme. Mpwa wangu aliyesoma alinitumia picha za mchoraji Mfaransa, Pierre-Auguste Renoir, aliyeugua ugonjwa huu huu na akaendelea kuchora hadi alipofariki mwaka 1919. "Anko, umeona? Vidole vimepinda kabisa na bado anachora! Hakuna kukata tamaa." Nikaona. Nikaona pia kwamba Renoir alikuwa na watu wa kumwekea brashi mkononi, picha zake zilikuwa zinanunuliwa kwa hela ya maana, na alihamia kusini mwa Ufaransa kufuata joto. Mimi joto ninalo bure, Dar es Salaam hii hii, jasho linanitoka Januari hadi Desemba, na vidole bado vimevimba. Hapo wale wa "ni baridi tu hiyo fundi, vaa sweta" waje tuzungumze.

Anayenifariji mimi ni mwingine: Christiaan Barnard wa Afrika Kusini. Huyu ndiye daktari aliyemwekea binadamu moyo wa binadamu mwenzake kwa mara ya kwanza, tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mgonjwa wake, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Mikono iliyoshona moyo ule ilikuwa tayari inaumwa baridi yabisi, ugonjwa wangu mimi, na mwaka 1983 ikamlazimisha kuweka kisu chini. Baadaye jina lake likatumika kuuza krimu ya kuzuia uzee usoni, na madaktari wenzake wakamshambulia sana. Wengine wanasoma habari hiyo wanasikitika. Mimi nilishusha pumzi. Kumbe mshona mioyo mwenyewe mikono ilipomgomea alihangaika, akabahatisha biashara, watu wakamsema. Mimi mshona suruali nikiuza zipu barazani nitakuwa nimekosea wapi?

Maana nilianza hivyo, kwa zipu, nyuzi na bitana. Biashara nzuri, isipokuwa kwamba uzi kwenye boksi unauzwa na mtu anayeweza kutoa uzi kwenye boksi. Nikajaribu kutafuta mtaji. Sheria inasema halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwanamke siyo, ujana nimeuaga, nikaona ile 2 ndiyo ya kwangu. Nikafika dirishani saa sita mchana, kwa sababu asubuhi sina vidole. Afisa akanitazama juu mpaka chini.

"Mzee, ulemavu wako uko wapi?"

"Mikononi, mwanangu."

"Mbona fomu umejaza mwenyewe?"

Angenikuta alfajiri angenipa na asilimia zilizobaki. Fomu hiyo niliijaza kwa kalamu niliyoizungushia kipande cha ndala ili inenepe ishikike, na ilinichukua muda wa mtu kupika maharage. Saini niliyoweka chini haikufanana na ya kwenye kitambulisho, na hilo ni balaa lingine linalojitegemea: vidole vikibadilika, mwandiko unabadilika, na benki nayo inakutilia shaka kwenye hela yako mwenyewe. Keshia mmoja aliniambia niweke saini "ile ya zamani". Hata mimi ningeitaka, dada yangu. Na mkono wa zamani ukiuona, nao nirudishie.

Basi nikarudi barazani, nikakaa kwenye kiti cha mteja, nikaanza kumtazama kijana wangu wa kazi akishona. Na hapo ndipo maisha mapya yalipoanza, kwa hasira. Kijana alikuwa anakata kitenge cha ndege. Mbele ndege wameruka vizuri. Akageuza kitambaa ili abane matumizi, akataka kukata mgongo, nikamwona ndege mmoja yuko miguu juu. "Wee! Weka mkasi chini!" Angekata, mama wa watu angekwenda harusini mbele ndege wazima, nyuma ndege wafu. Kijana akashtuka, akageuza, akakata upya. Nikamwambia na mabega: yule mama bega la kulia limelala, ni mtu wa mkoba mzito, ukimkatia mabega sawa gauni litamvuta shingoni. "Mzee umejuaje na wala hujampima?" Nilimwona anavuka barabara.

Hilo ndilo nililobaki nalo. Najua mwanaume akipimwa kiuno hubana pumzi, kwa hiyo namuuliza habari za mpira kwanza, akianza kubisha ndipo kijana anavuta futikamba. Najua bibi harusi atapungua kabla ya harusi na dada yake hatapungua. Najua kitambaa kipi kikifuliwa kitarudi nyuma. Mikono ilikuwa inatekeleza tu, amri zilikuwa zinatoka juu. Sasa mikono ya kijana inashona, amri bado zinatoka juu, na nguo zinatoka nzuri kuliko za zamani, maana yeye ana macho ya ujana ya kutunga uzi na mimi nina muda wa kumsumbua.

Unadhani wateja wamefurahi? Wamefurahia nguo. Bei wameikataa. "Fundi, wewe si umekaa tu? Ameshona kijana. Nimlipe kijana." Yule yule asiyeamini ugonjwa kwa kuwa hauonekani, haamini na kazi kwa kuwa haionekani. Nikitoka jasho nalipwa. Nikifikiri naombwa punguzo. Angenikuta nimeinama kwenye cherehani, mgongo umepinda, ndege kichwa chini, angelipa bila neno na kuniongezea hela ya soda.

Kitu kilichoniokoa ni kile kifungo cha pili kutoka juu. Nilimwambia kijana abandue vifungo vyote vya shati langu, avishone juu kwa juu viwe pambo, na ndani aweke zile za kubandika na kubandua za viatu vya watoto. Suruali akaitia lastiki nyuma, mbele ikabaki na sura ya suruali ya heshima, na zipu ikafungwa kitanzi cha utepe ili hata kidole kimoja kiweze kuivuta. Asubuhi ya kwanza nilivaa mwenyewe, nikatoka chumbani, mama watoto akanitazama akauliza nani amenivalisha.

Haukupita muda akaja binti mmoja, baba yake alipata kiharusi, mkono wa kushoto haufanyi kazi na mzee anakataa kuvalishwa na watoto wake. Tukamshonea kanzu inayofunguka begani. Akaja bibi mwenye magoti na vidole vibovu kuliko vyangu, tukamtengenezea gauni la kufungua mbele, halipandi kichwani. Kisha mwalimu mstaafu. Kumbe mji huu umejaa watu ambao kila asubuhi wanafungwa vifungo na wengine na hawasemi. Wanakuja jioni, kigiza kikianza, wananong'ona. "Fundi, isionekane kama nguo ya mgonjwa." Haionekani. Nguo yangu ukiiona huwezi kujua, na hiyo ndiyo sifa yake yote, na hapo ndipo vita vya bei vinapoanza tena: "Mbona ni shati la kawaida tu, fundi?"

Kwa hiyo natangaza rasmi, ili tusigombane barazani mbele ya watu. Kushona kunalipwa kwa kijana. Kutazama, kupima kwa macho, kugeuza ndege na kuficha kitanzi cha zipu kunalipwa kwangu, nusu mkononi kabla kitambaa hakijakunjuliwa. Tiba za tangawizi na mafuta ya mbuni napokea bila malipo, ila hazipunguzi bei ya gauni. Kabla ya saa tatu asubuhi sisalimiani kwa mkono na mtu yeyote, awe diwani au mkwe. Na atakayeniuliza kwa nini anilipe wakati hata sindano sijashika, swali hilo nalo nina bei yake.